Mwani wa Baharini na Sukari Katika Damu

Kilima cha Gasenyi, kaskazini mwa mji wa Bujumbura, kinajulikana siku hizi zaidi kwa sababu ya ikulu iliyojengwa huko kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China na kukabidhiwa kwa serikali ya Burundi mwaka 2019. Lakini jambo linaloelezwa hapa halihusu ikulu. Linahusu sahani ya chakula cha mchana katika nyumba ya kawaida ya kilima hicho: ugali wa muhogo, maharage, sombe au lengalenga na, siku ambayo mfuko unaruhusu, ndagala au mukeke wa Ziwa Tanganyika. Je, sahani hiyo ina uhusiano gani na mwani unaoota baharini, umbali wa zaidi ya kilometa elfu moja? Uhusiano upo, nao unapitia katika damu ya mlaji.

Katika miaka ya karibuni vidonge na unga wa mwani vimeanza kuuzwa katika sehemu nyingi za dunia, na wauzaji wake hudai kwamba anayevimeza kabla ya mlo hatapandwa na sukari baada ya kula. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa sukari, hilo si dai dogo. Ni kama kuambiwa kwamba anaweza kula ugali wake kama zamani, bila hofu na bila kwenda kliniki. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na ndani ya Jumuiya hiyo imo Tanzania, ambayo kupitia Zanzibar ndiyo inayoongoza Afrika kwa kilimo cha mwani. Hivyo haitakuwa ajabu dai hilo likipanda milima hadi Gasenyi, tena likiwa limevaa sura ya bidhaa ya jirani. Inafaa basi kulichunguza mapema, kabla fedha ya dawa haijabadilishwa kwa chupa ya vidonge.

Jambo la kwanza ni kufahamu kinachotokea mtu anapokula. Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu. Wanga si kitu kingine ila ni minyororo mirefu ya chembe za sukari zilizoshikamana, na mnyororo mzima hauwezi kupenya ukuta wa utumbo ukaingia katika damu. Lazima ukatwe kwanza. Kazi ya kuukata hufanywa na vimeng'enya. Kimoja, kiitwacho amilesi, huanza kazi katika mate, na kwa wingi zaidi hutoka katika kongosho na kumiminwa katika utumbo mwembamba. Vingine, vya jamii ya glukosidesi, vimekaa juu ya ukuta wenyewe wa utumbo, navyo humalizia kwa kukata vipande vidogo hadi ipatikane chembe mojamoja ya glukosi. Hiyo ndiyo inayopita na kuingia katika damu.

Sukari ikiingia katika damu, kongosho hutoa insulini. Insulini ndiyo inayofungua njia ili sukari iingie katika misuli na mafuta ya mwili, na ndiyo inayoliambia ini liache kutoa sukari ya akiba. Kwa mtu mzima wa afya, sukari hupanda kwa muda baada ya mlo kisha hushuka. Katika kipimo cha hospitali ambacho mtu hunyweshwa gramu 75 za glukosi, baada ya saa mbili sukari ya mwenye afya huwa chini ya gramu 1.40 kwa lita moja ya damu, kwa hesabu inayotumika katika nchi zilizofuata utaratibu wa Kifaransa kama Burundi. Ikifika gramu 2 au kupita, huo ni ugonjwa wa sukari. Hali kadhalika, mtu akipimwa asubuhi kabla hajala kitu na ikaonekana gramu 1.26 au zaidi, na kipimo kikarudiwa siku nyingine kikaleta jibu hilohilo, anahesabiwa kuwa mgonjwa.

Wagonjwa wengi wa kisukari ni wale ambao insulini yao ipo lakini mwili hauitii vizuri, au haitoki kwa wakati. Kwao saa mbili za baada ya chakula ni saa za hatari. Sukari inapanda sana, inakawia kushuka, na kadiri hali hiyo inavyojirudia mwaka hata mwaka, mishipa ya macho, ya figo na ya miguu huharibika. Ndiyo maana mtu yeyote anayesema kwamba ana kitu cha kupunguza mpando wa sukari baada ya mlo hupata wasikilizaji.

Sasa mwani unaingiaje? Mimea hiyo ya bahari wataalamu huigawa katika makundi matatu: ya kijani, ya kahawia na mekundu. Dai la sukari linahusu zaidi kundi la kahawia, lile linaloota kwa wingi katika miamba ya bahari za baridi, kama pwani za Kanada, Ireland na Norway. Mwani huo ukikaushwa, ukasagwa na kukamuliwa kwa maji au kwa spiriti, hupatikana dondoo lenye vitu viwili vya kuangaliwa. Cha kwanza ni florotanini, jamii ya uchachu unaofanana kiasi na ule ulio katika majani ya chai. Uchachu huo hushikamana na amilesi na glukosidesi na kuzizuia kufanya kazi yake. Cha pili ni alijinati, utomvu ambao ukikutana na maji ya tumbo huvimba na kuwa kama uji mzito. Chakula kilichonaswa ndani ya uji huo hutoka tumboni polepole, na sukari nayo huingia katika damu polepole.

Fikra hii si ya ndoto. Ipo dawa ya hospitali, akabosi, ambayo hufanya kazi kwa njia hiyohiyo ya kuvifunga vimeng'enya vya utumbo. Dawa hiyo haikutoka baharini bali katika vijidudu vya udongo, na imekuwa ikiandikwa na madaktari tangu miaka ya 1990. Walioitumia wanaijua pia kwa kasoro yake: wanga usiokatwa katika utumbo mwembamba hushuka hadi utumbo mpana, na huko bakteria huuchachusha. Matokeo yake ni tumbo kujaa hewa, jambo ambalo mgonjwa hulivumilia nyumbani kuliko mbele za watu.

Katika chupa za maabara, dondoo la mwani wa kahawia limeonyesha nguvu kubwa. Likichanganywa na amilesi na wanga, kazi ya kukata wanga hupungua sana. Tatizo ni kwamba tumbo la binadamu si chupa ya maabara. Ndani yake mna asidi, mna nyongo, mna chakula cha kila namna, na dondoo lenyewe hushikwa na protini za chakula kabla halijafika kwenye kimeng'enya lililotumwa kukizuia. Kwa hiyo jibu la kweli hapana budi litoke kwa watu waliokula.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval, katika mji wa Québec nchini Kanada, walitangaza matokeo ya jaribio kwa watu 23. Watu hao walipewa miligramu 500 za dondoo la mwani wa kahawia wa aina mbili, Ascophyllum nodosum na Fucus vesiculosus, nusu saa kabla ya kula mkate wenye gramu 50 za wanga. Siku nyingine walipewa kidonge kinachofanana lakini kisicho na dawa. Ilionekana kwamba insulini iliyotoka baada ya mkate ilipungua kwa kiasi cha asilimia 12. Lakini sukari yenyewe katika damu, ambayo ndiyo inayotajwa na wauzaji, haikuonyesha tofauti ya kutegemewa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia nao walitoa matokeo yao. Walitumia dondoo la Fucus kwa watu wazima 38 wenye afya, na wakajaribu kipimo kidogo cha miligramu 500 na kipimo kikubwa cha miligramu 2,000. Sukari ya baada ya mlo haikushuka kwa kipimo kidogo wala kwa kikubwa.

Inafaa kukumbuka kwamba gramu 50 za wanga ni mlo mdogo. Mlaji wa ugali wa muhogo hukivuka kiasi hicho mapema sana, kabla sahani haijafika nusu.

Utomvu wa alijinati una habari njema zaidi. Mwaka 1991 watafiti wa Sweden walieleza kwamba wanaume 7 wenye kisukari, walipopewa gramu 5 za alijinati pamoja na mlo, sukari yao ilipanda kwa kiasi pungufu kwa karibu theluthi moja. Hiyo ni tofauti kubwa. Lakini ni watu 7, na gramu 5 ni mara kumi ya uzito wa kile kidonge cha Québec. Mtu anayenunua chupa ya vidonge vya mwani hapati kiasi hicho, na mara nyingi hajui kama kilichomo ni alijinati, ni florotanini, au ni majani makavu yaliyosagwa tu. Majaribio mengine yaliyofanywa katika nchi mbalimbali yamekuwa madogo, kila moja na mwani wake na kipimo chake, na majibu yake hayapatani. Kusema kwamba mwani umethibitishwa kushusha sukari ni kusema zaidi ya ushahidi.

Hapa ndipo lilipo kosa jingine ambalo mnunuzi wa Afrika Mashariki anaweza kulifanya kwa urahisi, nalo linahusu Zanzibar. Mwani wa mwituni ulikuwa ukikusanywa na kuuzwa nje kutoka pwani ya Tanzania muda mrefu kabla ya kulimwa. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyeuchunguza kwa kina katika miaka ya 1970 na kuhimiza kwamba ulimwe. Kilimo cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya pwani ya mashariki vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Tangu hapo wakulima wamezidi 20,000, na wengi wao ni wanawake. Maji yanapokupwa wakati wa bamvua wao hushuka na vigingi na kamba, hufunga vipande vya mwani kimoja kimoja, na baada ya wiki sita hivi huvuna, hubeba magunia yanayochuruzika maji na kuanika. Kazi hiyo imejenga nyumba na kusomesha watoto, ingawa bei ya kilo ya mwani mkavu imekuwa ya kuvunja moyo, na ile aina yenye bei nzuri, ambayo wakulima huiita kotonii, imekuwa ikifa kwa sababu ya joto la maji.

Lakini mwani huo wa Paje, hata kama machoni unaonekana wa kijani au wa hudhurungi, ni wa kundi jekundu. Kinachotafutwa ndani yake ni karajenani, utomvu unaotumika viwandani kugandisha na kulainisha: katika aiskrimu, katika dawa ya meno, katika nyama za makopo. Hauna zile florotanini za mwani wa kahawia, wala hauna alijinati. Mtu atakayeonyeshwa matokeo ya Québec kisha akauziwa unga wa mwani wa Zanzibar atakuwa amesomewa cheti cha mtu mwingine. Huko si kuidharau bidhaa ya akina mama wa Unguja. Tangu mwaka 2006 kumekuwa na juhudi, kwa msaada wa watafiti kama Dk. Flower Msuya, za kuwafundisha wakulima kutengeneza sabuni, mafuta ya kujipaka na vyakula kutokana na mwani wao badala ya kuuza magunia tu, na juhudi hizo zinastahili wanunuzi. Ila sabuni iuzwe kama sabuni na chakula kiuzwe kama chakula.

Mwani wa kahawia upo pia katika Bahari ya Hindi. Aina za Sargassum na Turbinaria huota zenyewe miambani, na hutupwa ufukweni na mawimbi bila mtu kuzitia thamani. Kama siku moja wataalamu wa Zanzibar au wa Dar es Salaam watazipima kwa walaji wa ugali na wali, badala ya walaji wa mkate mweupe, hilo litakuwa jambo la maana kwa Gasenyi kuliko chupa yoyote iliyotoka ng'ambo.

Kuna pia hatari ambayo haitajwi na wauzaji. Mwani wa kahawia hukusanya madini ya joto, ile iodini ambayo nchi nyingi zimeamuru itiwe katika chumvi ili kuzuia tezi la shingo. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Gramu moja ya mwani mkavu wa aina ya kombu, unaoliwa Japani, inaweza kuwa na zaidi ya mikrogramu 1,000. Iodini iliyopungua huleta tezi. Iliyozidi nayo huivuruga tezi hiyohiyo, hasa kwa mtu ambaye shingo yake ilikwisha kuwa na matatizo. Aidha, baadhi ya aina za mwani huvuta aseniki na metali nzito kutoka majini. Neno kwamba kitu ni cha asili halimaanishi kwamba hakina sumu. Hata muhogo mchungu ni wa asili, na kila mama wa Burundi anajua kwa nini huloweshwa kabla ya kuanikwa.

Wala hoja hii isigeuzwe kuwa dharau kwa dawa za mimea. Metifomini, kidonge kinachotumiwa na wagonjwa wengi wa kisukari duniani, kina asili yake katika mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, uliojulikana na waganga wa zamani. Lakini kati ya mmea huo na kidonge palipita miongo ya kazi: kiini kilitafutwa, kile chenye sumu kikaachwa, kile chepesi kikatengenezwa maabara, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akatangaza matokeo yake kwa wagonjwa. Tangu hapo kila mmoja anajua miligramu ngapi, mara ngapi, na nani asipewe. Dondoo la mwani bado liko mwanzoni mwa safari hiyo.

Mtu anayetumia metifomini akiiacha kwa ajili ya vidonge vya mwani, huenda asione kitu kwa wiki kadhaa. Ugonjwa wa sukari una ukimya huo. Kwa mtu anayeishi kwa insulini, hasa kijana ambaye kongosho lake halitoi insulini kabisa, hali ni tofauti: akiiacha, siku chache zinatosha kumfikisha katika kuzimia na kufa. Kabla insulini haijapatikana mjini Toronto mwaka 1921, watoto wa namna hiyo hawakuwa na tumaini. Hakuna mwani wa rangi yoyote unaoweza kushika nafasi hiyo, kwa sababu kuchelewesha wanga tumboni si sawa na kuwa na insulini.

Hivyo basi, mtu wa Gasenyi hana la kufanya ila dawa? Analo, na liko katika sahani ileile. Kile ambacho dondoo la mwani linaahidi, yaani kuufanya wanga uingie polepole, maharage hulifanya tangu zamani. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Toronto walivipanga vyakula 62 kwa kadiri vinavyopandisha sukari, na jamii ya kunde ikawa miongoni mwa vilivyopandisha kidogo kuliko vyote. Wanga wa maharage umefungwa ndani ya kuta ngumu za punje, na protini na nyuzi zake huzuia haraka. Baadaye ilionekana pia kwamba anayekula jamii ya kunde asubuhi hupata nafuu ya sukari hata katika mlo wa mchana. Katika nchi ambayo maharage huliwa karibu kila siku, habari hiyo ilistahili kupigiwa baragumu kuliko ile ya mwani.

Upo pia utaratibu wa kula. Mwaka 2015 madaktari wa New York walitangaza jaribio kwa wagonjwa 11 wa kisukari waliokuwa wakitumia metifomini. Chakula kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni mfuatano. Siku moja walianza na vyakula vya wanga, na siku nyingine walianza na mboga na nyama ya kuku, kisha baada ya robo saa wakala wanga. Siku waliyoanza na mboga, sukari yao saa moja baada ya mlo ilikuwa pungufu kwa zaidi ya theluthi moja. Nao walikuwa wachache, ni kweli, na hapo hapakuwa na ugali. Lakini jaribio hilo halimtaki mgonjwa anunue kitu wala halimwekei sumu tumboni.

Mila ya mezani inaweza kupinga kidogo. Ugali na mboga huliwa pamoja. Tonge huchovya mchuzi, na kumwambia mzee amalize maharage na lengalenga kwanza ndipo avute ugali kwake ni kama kumwondolea chakula mbele yake. Hata hivyo, mwenye kipimo cha sukari cha nyumbani, baada ya kushauriana na mganga wake na bila kugusa dawa zake, anaweza kujaribu mwenyewe: siku moja ale kama alivyozoea, na siku nyingine, kwa chakula kilekile na kiasi kilekile, aanze na maharage na mboga na kumalizia na ugali. Saa moja baada ya mlo apime, saa mbili apime tena, aandike tarakimu zote nne katika daftari, na daftari hilo alichukue siku ya kliniki.